Viatu vya Rolande Havikai Ukutani

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi katika Idara ya Barabara ya mji wetu wa Saint-Ovide, Bi. Rolande Taillefer alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Machi. Mkuu wa idara, Bwana Lucien Babin, aliniomba niandikie jarida letu aya moja ya heshima, pamoja na picha ya mstaafu akiwa ameketi. Aya moja haitoshi, na picha ya Rolande akiwa ameketi sina wala siitafuti. Atakayeona makala ni ndefu afungue ukurasa wa pili, kuna matangazo ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani.

Rolande alianza kama karani wa ghala la chumvi. Majira ya baridi yaliyofuata, mwelekezaji wa magari alianguka akavunjika nyonga, yeye akaambiwa ashike redio kwa muda. Muda huo ndio umekwisha juzi. Sisi madereva wa magreda ya theluji tumeishi ndani ya sauti yake tangu Novemba mpaka Aprili: barabara ipi ifunguliwe kwanza, nani ageuze, nani arudi akanywe kahawa. Siku ya dhoruba iliyofunga njia ya mgodini, nilipokuwa sioni hata boneti yangu mwenyewe, aliniongoza kona kwa kona mpaka nikatoka. "Kulia kidogo, Fernande. Taratibu. Na ukigonga sanduku la barua la mama yangu, usirudi kazini." Sikuligonga.

Hayo ni ya kazi. Sasa nije kwenye mambo ya maana.

Miaka yote hiyo Rolande alikuwa beki wa timu yetu ya hoki ya barafuni katika ligi ya idara za mji. Mwanzoni alikuwa mwanamke pekee. Leo tuko wanne, na kila mmoja wetu aliingia kwa kupitia mlango alioubomoa yeye. Kanuni ya ligi inajulikana: kucheza ni lazima jina lako liwe katika orodha ya idara, uwe mwajiriwa au mtu wa kujitolea. Kwa hiyo kustaafu kulimaanisha kutoka timuni, na mechi ya mwisho ya msimu, dhidi ya zimamoto, iliangukia jioni ya siku yake ya mwisho. Rolande aliomba kitu kimoja tu: acheze mechi hiyo, kisha atoke barafuni kwa miguu yake.

Mwezi Januari, tukiwa mazoezini, kiatu chake cha kulia cha kutelezea barafuni, chenye makali ya chuma chini, kilipasuka kwenye kifundo. Nahodha wa zimamoto, Normand Gagné, alikuwa ameegemea ukuta wa uwanja na kahawa yake mkononi.

"Bibi Taillefer, hiyo ni ishara," alisema. "Nenda nyumbani kafume soksi."

"Nitakufumia wewe, Normand. Ya kuzibia mdomo."

Wengi walimwona Normand hana adabu, lakini kimoyomoyo walikubaliana naye. Bwana Babin alipendekeza Rolande awe mgeni wa heshima siku ya mechi: aangushe katikati ya uwanja kisahani, kile kipande cha mpira tunachokipigania kwa fimbo, watu wapige makofi, kisha akae karibu na meya na blanketi magotini. Wengine walimshauri aazime viatu vilivyokwisha kulainika. Ya nini kununua vipya kwa mechi za miezi miwili, na kwa umri ule? Naandika haya waziwazi ili wahusika wajisome.

Nilimsindikiza dukani kwa Réjean Doucet. Réjean, kwa adabu zake, alileta viatu laini vya watu wazima wanaoteleza Jumapili na wajukuu. Rolande alivivaa, akasimama.

"Vipi, dada?"

"Vizuri sana. Virudishe."

"Vinabana?"

"Havibani popote, ndiyo maana. Kiatu kikiwa kitamu hivi leo, mwezi ujao kitakuwa kimelegea kama soksi."

Akaagiza vile vigumu vya juu ya rafu. Alivaa soksi nyembamba, kiatu kidogo kuliko saizi yake ya mitaani, akagonga kisigino sakafuni mpaka kikakaa nyuma kabisa, ndipo akafunga kamba kuanzia vidoleni. Aliposimama wima vidole viligusa mbele; alipokunja magoti vikarudi nyuma, na kisigino hakikuinuka. Akalaza penseli juu ya matundu ya kamba kupima kama mguu wake umejaa kupita kina cha kiatu. Penseli haikugusa mguu. Réjean akavitia kwenye tanuri lake la kulainishia viatu ili vishike umbo la mguu, akamvisha vikiwa vya moto, na Rolande akakaa kimya mpaka vikapoa. Huo ndio ukimya mrefu kuliko wote niliowahi kuusikia kwake.

"Hivi ni vya vijana, Rolande," Réjean alimwonya. "Utamaliza msimu mzima ukijaribu kuvizoea."

"Si mimi nitakayevizoea. Vyenyewe ndivyo vitakavyonizoea."

Basi akavileta kazini. Alivivaa zamu nzima, makali yakiwa ndani ya vifuniko vya plastiki, miguu chini ya meza ya redio ikikunja na kukunjua. Sisi huko barabarani tulisikia ko, ko, ko nyuma ya sauti yake, na dereva aliyelalamika alisikia ko za haraka zaidi. Bwana Babin alibandika tangazo: viatu vya barafu marufuku ofisini, vinaharibu sakafu. Kesho yake Rolande alikuja na kipande cha mkeka wa mpira kutoka uwanjani, akakitandika chini ya meza.

"Rolande, nakuomba kama mkuu wako," alisema Bwana Babin.

"Na mimi nakujibu kama mwelekezaji wako, Lucien. Geuza, njia hii imefungwa."

Barafuni, wiki za kwanza zilikuwa za kuhuzunisha. Viatu vilikataa kukunjika, akawa anatembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Aliacha matundu ya juu bila kamba ili kifundo kipate nafasi. Malengelenge yalipasuka, akayafunga, akarudi. Niliona damu kwenye soksi yake nikamwambia apumzike japo siku mbili, akaniuliza kama na mimi nimeanza kufuma. Kufika Machi viatu vilikuwa vyake. Alikuwa akigeuka kwa kisigino kimoja kama msichana, na ngozi ya viatu imejaa makovu ya visahani na alama nyeusi za fimbo. Ungeapa amekuwa navyo miaka kumi.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Nyumba nyingi za hapa hutundika viatu vya zamani mlangoni wakati wa Krismasi, vikiwa na matawi ya msonobari na utepe mwekundu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa fundi wetu wa gereji, Yvan Perreault, alipojitolea kuvipaka rangi ya dhahabu viatu vya zamani vya Rolande na kuvifunga kwa nyaya kwenye ubao, viwe zawadi ya idara. Alhamisi, Rolande alipomaliza zamu yake ya mwisho, aliacha viatu chini ya meza ili avichukue kesho baada ya sherehe, aende navyo uwanjani. Yvan aliingia, akaona viatu vilivyochakaa, akavibeba.

Ijumaa mchana tulikusanyika gerejini kati ya magreda. Kulikuwa na supu ya njegere, pai za nyama na pai ya sukari. Bwana Babin alitoa hotuba, akafunua kitambaa. Viatu viling'aa kuanzia vidoleni mpaka kamba. Rolande alitabasamu kwa shukrani, kisha akainama, akagusa kovu moja karibu na kifundo cha kushoto.

"Yvan, hivi ulivitoa wapi?"

"Chini ya meza yako, mama."

"Vya zamani viko mlangoni kwangu, vimebeba matawi tangu Januari."

Yvan alikosa pa kuweka mikono yake. Bwana Babin akakohoa, akasema kwa upole kwamba labda ndivyo ilivyopangwa, kwamba kiti karibu na meya bado kipo. Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni, maana alikuwa akisema kwa huruma ya kweli.

"Yvan," alisema Rolande, "nipe koleo."

Alikata nyaya mwenyewe. Akakaa kwenye bapa la kusukumia theluji la greda langu, akavaa. Rangi ilikuwa imekauka ndani ya kila mkunjo na kuvirudisha kuwa kama vilivyotoka dukani, vigumu kama mbao. Alijaribu kukunja magoti, kiatu kikakataa.

"Haya," alisema. "Tunaanza upya. Nani ana pai?"

Alasiri ile yote alizunguka gerejini ndani ya viatu vile. Alikula amesimama, akachuchumaa, akapanda na kushuka ngazi za magreda yote, huku rangi ikipasuka na kudondoka, na Yvan akimfuata na ufagio, macho mekundu. Tulianza mmoja mmoja kuzunguka naye, bila kuambizana. Mwishowe hata Bwana Babin alizunguka, sahani mkononi. Kisha tukaenda kwa Réjean, akayanoa makali mpaka dhahabu ikatoka kwenye chuma.

"Nani amemwalika malkia?" Normand aliuliza alipomwona akiingia barafuni.

Kipindi cha mwisho, Normand huyohuyo alikuja na kisahani upande wa kushoto, kama ajavyo kila mwaka. Rolande alirudi nyuma, magoti yamekunjika, akamngojea, akakinyakua kisahani kwa fimbo bila kumgusa. Normand akaenda kuukumbatia ukuta peke yake. Tulifungwa kwa tofauti ya bao moja na sioni haya kusema. Rolande alitoka barafuni wa mwisho, kwa miguu yake, akaacha chembe za dhahabu mbele ya lango letu.

Normand alikuwa akimngojea nje ya chumba cha kubadilishia nguo, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kuchokoza.

"Rolande, kikosi chetu cha kujitolea hakina mtu wa redio," alisema. "Hatulipi kitu."

"Na jina langu litaingia katika orodha ya idara yenu?"

"Litaingia."

"Andika."

Hata hakugeuka kututazama.

Ubao wa Yvan umetundikwa chumba cha redio, mtupu, na nyaya zake zilizokatwa. Anayetaka kuuondoa aje na koleo lake.

Rolande, idara inakushukuru kwa kila barabara uliyotufungulia. Tunakutakia afya, kicheko na misimu mingi barafuni. Ushindi dhidi yetu hatukutakii. Nimenunua viatu vipya kwa Réjean, vile vigumu vya juu ya rafu. Nimevivaa chini ya meza ya jikoni ninapoandika haya, na vinaniuma vibaya sana. Tuonane Novemba.

Fernande Cossette, dereva wa greda