Aliyeitwa Kupe na Mawaziri

Viongozi wetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mje kutushika mkono, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa kumfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitajitahidi nifike mwisho sauti ikiwapo.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mama aliyelima mboga, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na tarehe 9 Novemba 1972 akahitimu udaktari wa mifugo, ndipo mama akaanza kumtania kwamba alitaka daktari wa kumtibu mgongo, akaletewa wa ng'ombe.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa jiografia, tarehe 6 Septemba 1975, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, na mwaka 1990, baada ya miaka mingi ya kuzunguka kwenye majosho ya ng'ombe, akachaguliwa kuwa mbunge.

Tarehe 20 Februari 1994 dada yetu mdogo alifariki, na katika maziko yake ilisomwa historia kama hii, ikataja maradhi mafupi, ilhali alikuwa amelala kitandani miaka miwili na kila aliyekaa chini ya turubai lile alijua. Siku hiyo kaka alinyamaza, lakini mwezi Julai, bajeti ya afya ilipojadiliwa, alisimama bungeni akasema dada yake ameuawa na UKIMWI, na kwamba ndani ya ukumbi ule hapakuwa na mtu ambaye hajazika wa kwake, ila walikuwa wakizika kwa kificho.

Redio ilirusha maneno yale jioni hiyo hiyo. Baba alimwambia, "Umemvua nguo dada yako mbele ya nchi nzima," akampiga marufuku kukanyaga nyumbani, ikabidi mama awe anakutana naye sokoni kwa kisingizio cha vitunguu, na mwaka uliofuata chama hakikumpitisha tena, akarudi kwenye majosho yake. Mwaka 1997, jirani yetu alipozika mtoto wa tatu, baba mwenyewe alimtumia kaka ujumbe wa maneno mawili, "Njoo ule."

Mwaka 1999 mkuu wa nchi alimteua kuongoza tume ya UKIMWI, yenye vyumba viwili juu ya duka la rangi na simu iliyofungwa kwa kufuli, na wengi walidhani amepewa kiti cha kupumzikia. Yeye alianza kuzunguka wizara moja baada ya nyingine, kilimo, ulinzi, elimu, fedha, akieleza kwamba wanaokufa ni wakulima, askari na walimu wao, na akinyimwa nafasi alikaa kwenye benchi la wageni mpaka makatibu muhtasi wachoke kumtazama, hivyo mawaziri wakambandika jina la Kupe, naye aliposikia akacheka sana, akasema katika serikali nzima ni yeye tu aliyesomea kupe.

Alinisimulia jinsi mkuu wa nchi alivyomuuliza, "Waziri wa afya yupo, mimi niseme nini tena?"

Kaka akamjibu, "Mzee, akisema waziri ni habari ya hospitali, ukisema wewe ni habari ya nchi."

"Na uchaguzi je?"

"Wanaokufa ndio wapiga kura wako, Mzee."

Mkuu akamuuliza huyo dada alikuwa mtu wa namna gani, wakazungumza zaidi habari za dada kuliko za siasa, na tarehe 1 Desemba 2000 alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, akapimwa hadharani, mawaziri wakapanga foleni nyuma yake, wengine shingo upande, na hatimaye, mwaka 2004, dawa zikaanza kutolewa bila malipo hadi kwenye zahanati.

Dada aliacha binti wa miaka miwili, aliyezaliwa na virusi, ambaye kaka na shemeji walimlea kama wa kwao, na yeye ameniruhusu nilitamke hili. Alianza dawa akiwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, na leo ameketi pale mbele na wanawe wawili, wote wazima.

Kaka alistaafu mwaka 2010, figo zikaanza kumsumbua mwaka 2017, akawa akisafishwa damu hospitali ya mkoa, binti huyo akimpeleka na kumrudisha, hadi alipotutoka alfajiri ya tarehe 2 Juni 2019.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wenzake wa tume, hasa wale waliogombana naye wakabaki. Kaka, tulikupenda, tulikuogopa kidogo, na nyumba imekuwa kubwa mno bila wewe. Pumzika kwa amani.