Rafaeli Machage Hakuwauza Wenzake

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii. Wewe uliyeko jikoni, wewe unayefunga duka pale Bunda, sogea karibu na redio yako. Mimi ni Dafroza Masatu, niko hapa Musoma, na leo nawaambia mapema kabisa: nimekuja na hasira. Mtanivumilia.

Mzee Rafaeli Machage amefariki. Amefariki nyumbani kwake Butiama, siku ya Jumanne, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Atazikwa kesho. Alikuwa dereva wa treni. Treni haifiki mkoani kwetu, tunajua, lakini wanaume wetu wengi walipanda basi kwenda Mwanza kutafuta kazi, na Rafaeli aliipata ya reli akaipenda kupita kiasi.

Mkewe, Mama Selestina, alicheka kidogo katikati ya machozi alipokuwa ananisimulia. "Huyo mwanaume alikuwaga anaendesha treni mpaka nyumbani. Nikisema, 'Baba, ugali tayari,' anaitika kwa nguvu, 'Ugali tayari!' Ndiyo walivyofundishwa huko."

Kweli ndivyo walivyofundishwa. Kwenye kichwa cha treni walikaa watu wawili: dereva na msaidizi wake. Msaidizi akiona taa, anaitaja kwa sauti. Dereva anairudia. Njia ikipinda upande wa msaidizi, dereva haoni kitu, anategemea macho ya mwenzake. Watu wawili, wasikilizaji wapendwa. Lishikeni hilo, maana ugomvi wote ulianzia hapo.

Msaidizi wa Rafaeli alikuwa Burito, mtu wa Kabasa, pale Bunda. Walikula sahani moja miaka na miaka.

Sasa ikaja ile miaka ya tisini. Mnaikumbuka wenyewe. Mashirika ya umma yanauzwa, viwanda vinafungwa, pamba ya Bunda inalala ghalani, na kila mtu anaogopa neno moja: kupunguzwa. Siku moja akaja mtaalamu pale karakana ya Mwanza na picha za kuonyesha ukutani. Akawaonyesha treni ya Ulaya inayojiendesha. Haina dereva! Huko ndiko dunia inakokwenda, akasema. Sisi tuanze pole pole: tuwaondoe wasaidizi, dereva abaki peke yake.

Rafaeli alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Akasimama. "Bwana mtaalamu, ng'ombe wa Msukuma akilala relini, hiyo treni yako itashuka imwombe apishe?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake hawakucheka tena, waligoma. Treni zikalala stesheni.

Hapo ndipo anapoingia Stanislausi Magige. Stanislausi alikuwa katibu wa chama hicho hicho, ngazi ya juu. Tena mtu wa nyumbani, rika moja na Rafaeli. Walitahiriwa siku moja, wakauguza vidonda pamoja. Mgomo ukiendelea na Rafaeli akiwa nyumbani, alikuja mpaka Butiama Jumapili moja baada ya misa, na Rafaeli akamchinjia mbuzi.

Kwa watu wa ukoo wao, ukimchinjia mwenzako wa rika mbuzi kwa ajili ya neno fulani, akala ini mbele ya mkeo, neno hilo limefungwa. Huombi saini tena. Kuomba saini ni kumtukana.

Mama Selestina anasema, "Lile ini nililichoma mimi. Shemeji alikula, akafuta mikono, akasema, 'Machage, warudishe watu kazini. Tumeshakubaliana na wakubwa, msaidizi hata mmoja haguswi.' Nilisikia kwa masikio yangu haya."

Rafaeli akarudi Mwanza. Akawaambia wenzake, rudini kazini. Wakamuuliza, maandishi yako wapi? Akajibu, "Nimekula naye." Wale wa kutoka Mara wakaelewa, wakarudi kazini. Wengine wakawafuata.

Jamani! Treni zilipoanza tu kutembea, tangazo likabandikwa. Wasaidizi nje. Wote, na Burito akiwemo. Chama kilikuwa kimeshakubali hata kabla yule mbuzi hajachinjwa. Stanislausi alikula ini la rafiki yake huku anajua.

Na bado. Rafaeli mwenyewe hakuguswa. Kama kiongozi wa mgomo angefukuzwa naye, lakini Stanislausi alilinda jina lake lisiingie kwenye orodha, labda aliona anamfanyia wema. Wema gani huo? Wewe umefukuzwa, na aliyekurudisha kazini bado anaendesha treni. Utasema nini? Walisema Machage amekula hela. Machage ametuuza.

Rafaeli aliwaeleza, hawakumsikiliza. Akaacha kazi mwenyewe kwa uchungu. Wakasema ameshiba, anakwenda kununua ng'ombe. Alikwenda kulima mihogo, wasikilizaji wapendwa. Mihogo!

Siku moja akakutana na Burito stendi ya Bunda, anauza mitumba. Akamwita. Burito akamtazama, akasema, "Kaka, ungeniambia tu uliniuza bei gani." Kisha akamgeuzia mgongo. Mama Selestina anasema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani akalia kama mtoto, na hakuwahi kumwona akilia tena, hata kwenye msiba wa mama yake mzazi.

Stanislausi alipanda cheo, akastaafu, sasa anaishi hapa hapa Musoma, Kitaji. Juzi nilikwenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa soda. Nikamuuliza, mzee, ni kweli ulimwahidi? Akasema, "Mwanangu, chama kilikuwa na shinikizo kubwa." Nikamwambia sikuulizi chama, nakuuliza wewe. Akanisogezea soda karibu. Ile soda niliiacha pale pale.

Siku hizi tunaonyeshana kwenye simu treni zisizo na dereva. Labda zitafika na huku, sijui. Mimi mashine siiogopi, mashine haijala ini la mtu. Namwogopa kiongozi aliyetumwa na watu akawasemee, akarudi na ahadi aliyoivunja kabla ya kuitoa. Wewe unayeongoza chama, ushirika, hata kikundi cha wauza dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshushia, jiulize usiku huu: wenzako wanajua ulichokubali kwa niaba yao?

Mama Selestina, watoto na wajukuu, poleni sana. Poleni na msiba, na poleni na jina mlilobebeshwa bila kosa.

Burito nilimpigia simu leo asubuhi, huko Kabasa. Nikamsimulia yote.  Kisha akasema, "Dada, nimemchukia mtu huyo nusu ya maisha yangu. Stanislausi akisema kwa mdomo wake mbele za watu, nitakuja kubeba jeneza. Asiposema, mimi Butiama sina msiba."

Mzee Stanislausi Magige, najua unanisikia. Ibada ni kesho saa sita mchana, na Butiama si mbali. Mama Selestina amesema hataki ubani wako, hataki pole yako. Anataka useme tu. Sema, mzee. Kaburi limeshachimbwa, na Burito yuko Kabasa anasubiri.