Chaji ya Allan Mangi

Pale Narung'ombe inapokatana na Mtaa wa Swahili kuna benchi la mbao za makreti, lina msumari mmoja uliochomoza, na ukichanwa suruali hapo mara moja tu wewe ni mwenyeji. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa mgao. Umeme unakatika asubuhi, unarudi watu wameshapiga miayo ya usingizi, na jenereta zinanguruma barabara nzima mpaka ukitaka kumtukana mtu lazima umsogelee. Kariakoo ilikuwa inauza kila kitu duniani isipokuwa umeme. Ndio maana benchi lilijaa. Babu Ngebe alikuwa na birika lake la kahawa na kashata kwenye sinia. Fundi Kelele alikuwa na meza yake ya kutengenezea redio, ambazo zikitoka pale zinakuwa na kelele kuliko zilivyoingia. Profesa Jumla alikuwa na ubao wake wa makava ya simu shingoni, na maelezo ya jambo lolote utakalomuuliza, na mengine ambayo hukumuuliza. Na Uwesu, dereva wa bodaboda, mtoto wa Rufiji, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na simu mkononi, anaiangalia kama inamdai.

Uwesu alikuwa na wivu. Tusizunguke. Kuna watu watakuambia walikuwa na mawazo, sijui mwili haukuwa sawa. Huyu alikuwa na wivu, ule wa kumnyima mtu hamu ya chapati, na wivu wenyewe ulikuwa na jina na pikipiki.

Hadithi yake fupi. Ng'ambo ya barabara, usoni kabisa mwa benchi, kuna duka la vitenge la Urvish, na ndani ya duka hilo kuna muuzaji anaitwa Winifrida. Kila jioni Uwesu ndiye aliyekuwa anampeleka kwao Magomeni. Walikuwa na utaratibu wao. Winifrida anabipu mara moja, maana yake njoo. Akibipu mara mbili, subiri, Urvish bado anapanga majora. Uwesu hakuwahi hata siku moja kupokea, kwa sababu kupokea bipu ya mtu ni kumlia vocha, na yeye alilelewa. Na alikuwa na jambo la kumwambia huyo dada, jambo lile ambalo mwanaume hulibeba tumboni. Alisema atalisema baada ya Idi. Idi ikapita, akasema mvua ziishe kwanza. Mvua zikaisha, na bipu nazo zikaisha.

Na wiki hiyohiyo bipu zilipokatika, Allan akafunga chaji kwenye pikipiki.

Allan alikuwa dereva mgeni kijiweni, kijana wa Rombo, na Kariakoo haina shughuli ndefu na watu wa Kilimanjaro: wakamwita Mangi, jina la kila mwenye duka wa kule, ingawa hakuwa na duka hata la viberiti. Kwenye usukani wa pikipiki yake alibandika tundu la yu-es-bi, abiria anachomeka waya, simu inakula chaji huku safari inaenda. Tangu siku hiyo Winifrida akawa anapanda kwa Allan. Uwesu alikuwa anawaona wanaondoka, na kila jioni alirudisha macho kwenye simu yake ahakikishe haijaharibika.

Leo alikuwa na dawa. Alikuwa amepita Mtaa wa Aggrey akanunua tundu lake mwenyewe, tena la matundu mawili.

— Fungua siti, alisema Fundi Kelele, ameshika bisibisi. Waya mwekundu unaenda kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Kitu chepesi.

— Weka fyuzi, alisema Uwesu.

— Fyuzi ya nini?

— Weka fyuzi, bwana. Na swichi. Yangu nataka iwe bora kuliko ya yule.

— Kuliko ya nani? aliuliza Babu Ngebe, na alikuwa anajua vizuri sana ya nani. Alimimina kahawa kwenye kikombe, akamsogezea. Kunywa. Uso umekukaa kama umemeza shubiri.

— Mimi sina neno na mtu.

— Hatujasema una neno. Tunauliza.

Profesa Jumla alishusha ubao wake wa makava, akaulaza mapajani. Mkao huo watu wanaujua. Ukiuona, ujue somo limeanza.

— Tatizo lenu mnafunga kitu bila kukijua, alisema. Yu-es-bi unajua kirefu chake?

— Hatujui, alisema Fundi Kelele, kichwa kiko chini ya siti.

— Umeme Saidizi wa Bodaboda.

— Mbona kwenye kompyuta nako ipo?

— Waliiga, alisema Profesa bila kupepesa macho. Sasa sikilizeni. Umeme wa nyumbani unatoka ukutani, umetulia, hauna haraka. Huu wa pikipiki ni umeme wa mwendo. Simu ikishauonja mara moja, wa ukutani inaukataa. Kama mtoto aliyeonjeshwa soda, umrudishie uji. Huyo binti hana kosa, ni simu yake imezoea kwa Allan.

Uwesu aliangalia ng'ambo. Mlangoni kwa Urvish majora ya vitenge yalikuwa yamesimamishwa kama watu wanaosubiri zamu, na nyuma yake alimwona Winifrida anamkunjulia mteja kitambaa. Alikuwa anacheka. Alicheka na mteja, mama mtu mzima kabisa, lakini moyo wa Uwesu ulikuwa umeshafika mahali ambapo hata kicheko hicho kilimchoma.

— Si simu, alisema. Wale wanaongea Kichaga njia nzima. Mimi namuuliza tu umeshindaje, mwenzangu anamuuliza habari za kwao.

— Winifrida si wa Kilema? alisema Fundi. Na huyu wa Rombo. Nasikia Kichaga cha Kilema na cha Rombo havielewani vizuri.

— Wataelewana tu, alisema Uwesu kwa uchungu. Pikipiki ina kelele, lazima ainamie sikioni.

Hapo Babu Ngebe akaona zamu yake imefika. Aliweka birika chini.

— Nyie mnahangaika na lugha. Fuateni waya. Umeme unatoka wapi?

— Kwenye betri.

— Betri imeshikwa na nani?

— Pikipiki.

— Pikipiki ya nani?

— Ya Allan.

— Haya. Umeme wa Allan unapita kwenye waya, unaingia kwenye simu. Usiku simu anaiweka wapi? Sikioni. Sikio liko jirani na nini? Tayari, umeme wa Allan umeshafika moyoni. Mwanamke anawashwa na anayemchaji. Mimi nimeuza kahawa mpaka ndevu zimekuwa hivi, jambo hilo nimeliona.

— Umeliona wapi, Babu? Chaji za pikipiki zimekuja juzi.

— Zamani ilikuwa kwa tochi.

Kijiwe kilicheka, Uwesu hakucheka. Alikuwa amejiambia kwamba ni upuuzi, na huku anauamini kidogokidogo, kama mtu anayeambiwa nyumba yake ina nyoka. Anajua hayupo, lakini miguu anaipandisha kitandani.

— Bado hamjafika, alisema Profesa Jumla, ambaye hapendi kupitwa. Kuna kitu sijawaambia kwa sababu ni kizito. Ule waya wa yu-es-bi ndani una nyaya nne. Fundi, kweli si kweli?

— Kweli, nne.

— Mbili za umeme. Mbili zilizobaki za nini?

Fundi Kelele akarudisha kichwa chini ya siti. Hakuwa anajua, na fundi akificha kichwa ujue amekubali.

— Za majina, alisema Profesa. Ukichomeka simu, chaji inapanda, majina yanashuka. Namba zote za Winifrida ziko chini ya siti ya Allan sasa hivi. Na jina likishashuka, kule juu halipo tena. Uwesu, unajiuliza kwa nini hakubipu? Jina lako limenyonywa. Dada wa watu kila jioni anashika simu, anakutafuta kwenye U, anakuta Urvish peke yake.

Babu Ngebe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

— Inawezekana, alisema.

— Haiwezekani, alisema Uwesu. Halafu akaiangalia simu yake: Kwani yanaweza kurudishwa?

— Kwa kuchomeka kwenye pikipiki yako. Ndiyo dawa pekee.

— Harakisha, Fundi.

Fundi Kelele aliharakisha. Akakaza tundu kwenye usukani, akapitisha waya chini ya tangi, akaufunga kwa kamba za plastiki, akarudisha siti. Uwesu akafungua swichi. Kitaa cha buluu kikawaka kwenye tundu, kizuri kweli, na Profesa alipochomeka simu yake ikalia, ikaonyesha chaji inaingia. Uwesu alisikia furaha, lakini haikuwa safi, ilikuwa na sumu ndani yake. Alikuwa anamfikiria Allan atakavyokiona hicho kitaa. Chaji ya Allan haikuwa na taa.

Na kama aliyeitwa, Allan akaingia na pikipiki yake, akaiegesha palepale kando ya benchi.

— Mambo, washikaji.

— Poa, kijiwe kikajibu, baridi.

— Naona chuma kimevaa, alisema Allan, akiangalia tundu jipya. Safi sana, Uwesu. Shikamoo, Babu.

— Marahaba.

Akazima pikipiki, akaangalia kushoto na kulia, akavuka barabara. Wakamwona anaingia kwa Urvish, anasalimia, anaegemea meza ya kukatia vitenge. Urvish alikuwa anafunga milango ya bati upande mmoja.

— Mwone, alisema Uwesu. Hata hajabipiwa. Anajipeleka.

— Hana adabu, alisema Profesa.

Winifrida akatoka na mkoba wake. Allan akazuia mkokoteni kwa mkono ili dada apite, wakavuka wote, wakaja moja kwa moja kwenye benchi ilipokuwa pikipiki. Ilikuwa mara ya kwanza Winifrida kufika pale. Alikuwa anakiona kijiwe kila siku kutoka ng'ambo, kama vile kijiwe kilivyokuwa kinamwona yeye.

— Shikamoo, Babu. Hamjambo wengine.

— Hatujambo, shem... hatujambo, dada, alisema Fundi.

Uwesu alisimama. Maneno aliyoyapanga tangu Mtaa wa Aggrey yakawa hayapo hata moja.

— Wini, leo panda huku. Na mimi nina chaji. Tena matundu mawili.

Winifrida aliinama, akaangalia kile kitaa cha buluu.

— Nzuri, alisema. Umefunga kwa ajili ya abiria?

— Nimefunga kwa ajili yako.

Kijiwe chote kikaangalia kwenye vikombe. Uso wa Winifrida ukawa wa mtu aliyepewa kitu kilichokuwa kizuri jana.

— Uwesu, mimi nilijua umenisusa.

— Nikususe mimi? Wewe ndiye umehamia kwenye chaji ya Allan.

— Chaji ipi? Iliungua siku ya pili. Ilitoa moshi tukiwa Jangwani, tukashuka tukakimbia. Tundu limebaki pambo.

Watu wakamgeukia Allan. Allan akainua mabega, anacheka kwa aibu.

— Sikuweka fyuzi.

— Sasa kwa nini uliacha kunibipu? alisema Uwesu, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

— Uwesu. Ni mgao. Jenereta la Urvish ni la taa na feni, simu hataki tuchomeke. Yangu ikifika mchana imezima. Alimtazama, hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua kweli. Simu ikiwa haina chaji, ningekubipu na nini?

Fundi Kelele alishika bisibisi, akaiweka. Profesa Jumla, kwa mara ya kwanza tangu apate ubao ule wa makava, akaanza kuyafuta vumbi makava yenyewe.

— Nilikuwa nikitoka nakuona hapa umekaa, alisema Winifrida. Umeinamia simu. Siku moja nikakupungia mkono mpaka Urvish akauliza napungia nani. Hukuinua kichwa. Nikasema basi, mtu kama hataki hataki. Mwenzio akavuka, akaniuliza, dada, unaenda wapi.

Uwesu alitaka kusema alikuwa anasubiri bipu yake. Alitaka kusema lile jambo la baada ya Idi. Lakini Allan alikuwa ameshapiga kiki, ameshika kofia ngumu anampa dada, na dada aliipokea kama mtu aliyezoea, akafunga mkanda wake mwenyewe.

— Usiku mwema, Babu. Uwesu, na wewe, eh?

Wakaingia Mtaa wa Swahili, wakapotea nyuma ya mikokoteni. Babu Ngebe aliinamisha birika kwenye kikombe cha Uwesu, likatoa tone moja na machicha. Alilitikisa, akalirudisha kwenye jiko. Profesa alivaa ubao wake, akasema ngoja awahi, ana mteja, ingawa hakuwa na mteja.

Kitaa cha buluu kilikuwa bado kinawaka kwenye usukani.

— Zima swichi, Uwesu, alisema Fundi Kelele kwa upole. Utamaliza betri.

— Iache iishe, alisema Uwesu.