Beringi au Mkanda

Kwenye basi la mji wa Kuopio humsemeshi mtu usiyemjua hata akikukalia kofia. Kwa hiyo Hilkka alishtuka kumsikia mzee wa kiti cha mbele akimgeukia mama aliyekuwa akisikiliza rekodi kwenye simu, nayo simu inalia kwaru-kwaru-tiii.

"Samahani, mama. Hiyo ni beringi ya gurudumu imekufa."

"Beringi wapi, mzee wangu! Ni mkanda wa injini. Gari langu mwenyewe, naliendesha miaka thelathini na mbili, nimelirekodi leo asubuhi."

"Mkanda haukwaruzi. Hebu ongeza sauti."

Akaongeza. Dereva akatega sikio, akaegesha kando kwenye theluji, akazima injini. Mlio ukaendelea, maana simu haina habari na injini.

"Mungu wangu! Limezimwa na bado linalia!" Dereva akashuka na tochi.

"Unaona? Beringi," mzee akasema.

"Kwani dereva kataja beringi?"

Abiria wote wakageukia madirisha. Hilkka alikuwa anawahi kwa daktari wa meno, miadi aliyoingoja miezi mitano. Akafungua mdomo amwambie dereva ukweli. Kisha akakumbuka kwamba hawajuani, akaufunga, na jino likampwita.