Chuo Kinachosahau Watu

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa chuo cha wakunga: benchi moja refu, birika la Shangazi muuza kahawa, na sisi wateja wake wa kila siku, Kinyozi na Fundi Saa wakiwemo. Asubuhi hiyo Shangazi hakuwa anamimina kahawa, alikuwa anaimwaga. Bintiye, Kitinda, kachaguliwa kusomea ukunga, na siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ni leo. Kila akiandika jina na neno la siri kwenye simu, tovuti ya chuo inamkaribisha. Akibonyeza tu “Thibitisha”, inamuuliza upya: wewe nani? Waya, fundi mitambo wa chuo, alikuwa nasi, kompyuta mapajani, macho mekundu kama pilipili.

— Jana tumeweka seva ya kati, kompyuta ya kuhudumia tovuti, akasema. Inakaa mlangoni, inapokea watu, inapeleka maneno yao kwa seva ya ndani. Tangu hapo hakuna anayedumu. Kuki zinapotea.

— Kuki ndiyo nini? Kinyozi akauliza.

— Ni kama kikaratasi unachopewa ukiingia. Ukirudi unakionyesha, tovuti inakukumbuka.

— Basi mfuko wa simu umetoboka!

Kitinda akaanza tena, kaziba neno la siri kwa kiganja.

— Mwanangu, mficha uchi hazai, Kinyozi akamwambia. Litaje kwa sauti, huenda seva ina masikio mazito.

— Tena unaandika mbio mbio, Fundi Saa akadakia. Haba na haba hujaza kibaba. Leo herufi moja, kesho nyingine.

— Kesho nafasi imeshaenda, mzee! Kitinda akalalamika.

— Basi ni wivu, Fundi Saa akasema. Seva ya zamani imeletewa mke mwenza, tena kakaa mlangoni! Wageni wa mwenzake atawapokea kweli?

— Tuzisuluhishe, Kinyozi akasema. Mimi nitasimama upande wa mke mkubwa.

Hata Kitinda akacheka, machozi yakimlengalenga.

Shangazi akatua birika kwa kishindo.

— Upuuzi! Huyu nyumbani ni Kitinda, shuleni ana jina jingine. Siku ya kwanza shuleni nikamuulizia kwa jina hilo, mwalimu akaniapia hana mtoto kama huyo, naye kamshika mkono! Chuo nacho kimemchanganya majina.

Waya akanyanyua kichwa taratibu.

— Si yake, Shangazi. Ni ya seva! Ile ya ndani inaandika kwenye kuki jina lake la ndani. Simu inalijua la mlangoni tu. Ikiona jina geni, inaitupa kuki.

Vidole vikaruka juu ya kompyuta. Seva ya kati ikapewa amri: kila kuki ipitayo, futa jina la ndani, andika la nje.

— Jaribu, mdogo wangu.

Kitinda akaingia. Akabonyeza. Tukainamia simu mpaka vichwa vikagongana.

“Hongera. Nafasi yako imethibitishwa.”

Kigelegele cha Shangazi kikawaleta watu wa ofisini madirishani. Kinyozi akamkumbatia Fundi Saa, kila mmoja akidai wazo lilikuwa lake.

Mwanamke mpita njia akasimama mbele ya birika.

— Jamani, samahani, kahawa hapa anauza nani?

Muuzaji alikuwa katikati ya barabara, kitambaa cha kichwa kakishika mkononi, anacheza na fundi mitambo.