Herufi za Chupa Ndogo

Fumbeni macho, wanangu, muione chupa ya dawa ya kikohozi, ile ndogo inayoenea kiganjani, na mama aliyeishika huku mtoto analia begani. Lebo yake ni nyembamba, maneno yetu ni marefu, na yote lazima yaenee: kipimo, saa, onyo. Umri wangu wote umeishia hapo. Nisikilizeni basi, maana sauti inaniisha, na mwili wenyewe hausikii kitu, si maumivu wala baridi, kama mkono uliolaliwa.

Herufi za lebo ile, nilizozibuni mwenyewe, sikuzibana. Nilizichora nyembamba tangu mwanzo, nguzo zake zimesimama wima, na chini nikazipa vijiguu vifupi ili jicho lisitoke mstarini. Kila nilipomaliza ukurasa, baba yenu, aliyekuwa haoni vizuri, alisimama mlangoni akausoma kutoka pale. Mara moja alicheka sana: "Mama Watoto, hizi zimebanana hata kupiga chafya haziwezi!" Nikachora upya. Alipofariki niliutazama ule mlango, sikulia, nikaendelea kuchonga penseli. Mpaka leo sijui machozi yale yalikwenda wapi.

Wewe, kifungua mimba wangu, kiwanda cha dawa kilipokuharakisha ulichukua herufi pana ukaziminya kwa kompyuta. Nguzo zikakonda, mistari ya kulala ikabaki minene, matundu yakaziba. Nawe, kitinda mimba, binti yangu, ukazichana zile lebo mbele ya wafanyakazi wa duka letu la kuchapa: "Kaka, hata asiyejua kusoma angeona aibu!" Naye akakujibu, "Haya, kaa na mapenseli yako, tuone kama chupa zitasubiri." Tangu hapo mkitaka chumvi mezani mnaniomba mimi niwapitishie, na mmekaa ubavu kwa ubavu. Nikishaondoka mtamwomba nani?

Basi nasema, na jirani yetu fundi viatu yupo hapa anasikia: michoro yote ni ya binti yangu, duka na mashine ni vya kaka yake. Herufi hizi zisiingie kwenye lebo hata moja bila nyinyi wawili. Dada achore, kaka asimame mlangoni asome kwa sauti. Akishindwa, dada achore tena bila kununa. Na wewe kaka usiseme umesoma kumbe umekisia. Anayechoka na fungu lake amwachie mwenzake, si mtu wa nje.

Nipeni maji... Hapana, yaacheni. Nizikeni asubuhi, kisha mfungue duka, msikae mkiitazama picha yangu ukutani. Radhi zangu nimewapa, sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Mungu awatunzie macho... na mikono.

Sogeeni. Sioni tena nani ni nani. Kitu kimoja tu nawaomba mkumbuke, wanangu, taratibu... kabla hujamsahihisha mwenzako, muulize kwanza yeye anaona nini.