Idi Iliyoandikwa kwa Wino

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Matroni, wakuu wa idara mliotuheshimu kwa kuja, wageni waalikwa, mume na watoto wa mstaafu wetu, na ninyi wenzangu wa chumba cha kufulia, ambao leo kwa mara ya kwanza nawaona mmejipigia pasi nguo zenu wenyewe: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga karani wetu wa zamu, ambaye sote tunamwita Mama Penseli. Wageni watajiuliza, mtu mzima na heshima zake anaitwaje penseli? Ni kwa sababu ya daftari lake. Kwa miaka ishirini na saba amepanga nani afue, nani akunje, nani asimame kwenye mashine ya pasi, na yote aliyaandika kwa wino wa bluu uliokolea. Isipokuwa siku chache kila mwaka. Hizo aliziandika kwa penseli, kwa wepesi, kama mtu anayeogopa kuliumiza karatasi.

Siku zenyewe ni zipi? Mwanzo wa Ramadhani. Idi ya Mfungo Mosi. Siku ya Arafa na Idi ya Mfungo Tatu. Ashura, Mfungo Nne. Maulidi, Mfungo Sita. Na mjue, wageni wetu, kwamba Mama huyu ni mtu wa kanisani, tena wa kwaya, mwenye sauti ambayo mume wake anaijua zaidi kuliko sisi. Alijifunza miezi hii kwa kuwauliza akina mama wa chumba cha kukunja, mmoja mmoja, wakati wa chai. Waliomwona wakadhani anataka kusilimu.

Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wake, alinikalisha akanieleza. Mimi, Mwislamu niliyezaliwa na Waislamu, nikaelezwa mwezi na mtu wa kwaya. Akasema, "Mwanangu, mwaka wenu ni mfupi kuliko huu wa ukutani kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo ukinakili ratiba ya mwaka jana umekwisha. Na mwezi ni wa siku ishirini na tisa au thelathini, na hakuna anayejua ni ipi mpaka jioni yenyewe. Kwa hiyo Idi tunaiandika mara mbili." Siku mbili, kwa penseli, na kwa kila siku majina ya wasiofunga waliokubali kukaa tayari. Mwezi ukiandama, anafuta moja na kuikoleza nyingine kwa wino. Kazi ya dakika tano, lakini imewawezesha watu kumi na mmoja kuswali Idi na watoto wao, na chumba cha upasuaji hakijawahi kukosa shuka.

Hakijawahi, na hakikukosa hata mwaka ninaotaka kuusema. Lakini mwaka ule shuka zilipatikana kwa gharama ya mtu.

Ni miaka tisa sasa. Mama alichukua likizo wiki ya mwisho ya Ramadhani, akaniachia daftari. Nilikuwa na miezi minne kazini, na cheti kipya cha chuo, na kichwa kilichojaa usafi wa makaratasi. Nikaona zile penseli, nikasema, hii nini? Kalenda ya ukutani ilisema Idi ni Alhamisi. Nikachukua ufutio, nikaisafisha Ijumaa yote, nikaandika Alhamisi kwa wino na kuipigia mstari. Wasiofunga, waliokubali kutushikia Alhamisi, nikawapa Ijumaa wapumzike, iwe shukrani. Nikabandika ratiba mlangoni nikarudi nyuma kuitazama. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano jioni mwezi haukuonekana.

Alhamisi watu kumi na mmoja wakakaa nyumbani wakifunga siku ya thelathini. Ijumaa, siku ya Idi yenyewe, wenye zamu walikuwa wao peke yao, kwani wengine wote nilikwisha kuwaruhusu na wengi walikuwa wamesafiri. Mmoja wa wale kumi na mmoja ni huyu tunayemwita Fundi Pasi, ameketi pale karibu na dirisha. Mama yake aliishi mji wa mbali kidogo, saa mbili kwa basi. Alikwenda kwake ile Alhamisi, wakafunga pamoja, wakafuturu, kisha akalazimika kuaga. Yule bibi akamuuliza, "Kesho Idi, na wewe unakwenda?" Ijumaa saa moja asubuhi, watu wakienda kuswali, Fundi Pasi aliingia kazini na kanzu yake ya Idi ndani ya mfuko wa plastiki. Akaitundika msumarini, akawasha mashine. Nilikuwepo.

Mama yake alifariki tarehe nne Mfungo Tatu, siku sita kabla ya Idi iliyofuata.

Wengi wenu mnajua sehemu hiyo. Mnayoijua vibaya ni inayofuata. Jumatatu baada ya Idi ile, malalamiko yalipowafikia wakubwa wakauliza nani aliyepanga ratiba, Mama Penseli, aliyekuwa amerudi kutoka likizo siku hiyo hiyo, alijibu, "Daftari ni langu." Nilimfuata kwenye korido. Akaniambia, "Wewe uko kwenye majaribio na mkeo ana mimba. Watakufukuza. Mimi watanipa barua tu. Nenda kafanye kazi." Nikaenda. Alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake. Nafasi ya mkuu wa sehemu ilipotangazwa, mwenye barua ya onyo hakuruhusiwa kuomba. Niliomba mimi. Cheo kinachonisimamisha hapa mbele yenu ndicho hicho.

Mnadhani nilisahau? Kila mwezi unapoandama, naikumbuka ile kanzu msumarini. Miaka tisa nimekaa kimya, na kila mwaka nilizidi kuuzoea ukimya huo. Naona haya, ndugu zangu, na leo haya hiyo inastahili kuonwa na watu.

Wiki iliyopita nilimwambia Mama kwamba nitasema. Akakataa. "Fundi Pasi atakuwepo," alisema. "Msimpe msiba wake upya kwenye karamu yangu." Kwa hiyo nilikwenda kwanza kwa Fundi Pasi, nyumbani kwake, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Mama Penseli hajawahi kuandika Idi kwa wino. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

Nikamuuliza, miaka yote tisa?

"Ulichelewa," akasema. "Lakini kaseme. Yule mama asiondoke na kosa lako."

Mheshimiwa Mganga Mkuu, bahasha iliyo mbele yako ina maelezo yangu, yenye sahihi yangu. Naomba barua ile itolewe kwenye faili lake leo, kabla hajakabidhi ufunguo, na hatua yoyote inayostahili ichukuliwe juu yangu. Fundi Pasi, sina Idi ya kukurudishia. Idi inayokuja, siku zote mbili, nitasimama mimi kwenye mashine yako.

Na wewe, Mama, nimekukaidi. Ulitaka nikae kimya, nami nimesema. Nisamehe kwa leo, na zaidi kwa ile miaka tisa niliyokuacha ubebe peke yako.

Nimemaliza. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Na sasa, kwa ruhusa ya Mheshimiwa, tusimame kwa ajili yake.